Ameacha Mke

Devota aliisoma karatasi mara ya pili, mashavu yakamwaka moto. Aliyeiandika historia ya marehemu ni baba mdogo Methusela: kaka yake, Eliakimu, alizaliwa Chamwino, akasoma, akajenga Nzuguni, ameacha mtoto mmoja. Mke hakuwemo.

"Baba mdogo, mama yuko wapi humu?"

"Mama yako hakufunga ndoa kanisani. Tusimdanganye Mungu mbele ya maiti. Wewe soma kama ilivyo."

Mungu gani! Mama yake, Loisi, ndiye aliyemfulia marehemu, akamgeuza kitandani alipopooza, na shemeji huyu huyu akija anakula ugali wake mpaka analamba vidole. Leo anaitaka nyumba, ndiyo maana mke kafutwa.

Devota akaenda nyuma, kwa wanawake waliokuwa wakipika. Kabla hajamaliza kusimulia, jirani yao Stara alishauacha mwiko ndani ya sufuria.

"Utamtaja. Ila ukilia tu, MC anakunyang'anya maiki. 'Binti amelemewa, tumpe pole.' Halafu anampa nani?"

"Methusela!" wakaitikia.

"Haya, simama. Anza."

Akaanza, sauti ikakatikia kwenye jina la baba. Wakamcheka, jamani, msibani!

"Unanong'ona kama unaomba chumvi! Toa sauti tumboni!"

"Na usimtazame mama yako, utaporomoka. Mkazie macho Methusela, yule mchwa wa nyumba yenu. Machozi yenyewe yatakauka."

Akarudia, akarudia, mpaka vitunguu vikaungua.

Turubai lilijaa hadi barabarani. Devota akashika maiki, akamkazia macho baba yake mdogo. Alizaliwa. Alisoma. "Akajenga na mke wake, Loisi, aliyebeba maji ya kufyatulia tofali akiwa na mimba yangu. Ameacha mke."

Methusela akamkonyeza MC. MC akanyanyuka, mkono mbele. "Ndugu waombolezaji, binti amelemewa..."

"Nani? Umeona chozi gani?" Watu wakaguna. "Nimalize. Mama hakuvishwa pete. Baba mdogo anayo pete, ila mkewe yuko kwa nani, aseme yeye."

Kicheko kikawaponyoka akina mama, wakakizima upesi kwa kanga. MC alimtazama Methusela, kisha akautazama ule umati.

"Mashada," alisema kwa sauti ndogo. "Atangulie mke wa marehemu."

Loisi akainuka. Methusela alikuwa ameziba njia na kiti chake cha plastiki.

"Shemeji," Loisi alisema, "nipishe."

Akapisha.