Mamluki wa Babu

Natangaza rasmi kwa Waswahili wote wa Toronto kwamba kisukari cha babu yangu, Mwalimu Nicolaus, kimesalimu amri. Kila asubuhi mashine yake ya kupimia ilionyesha sukari ya mtu mwenye afya njema. Na mtu huyo kweli alikuwa na afya njema, kwa sababu alikuwa mimi.

Tuelewane. Babu alikuwa ameapa: "Siku wakinianzishia sindano, nakata tiketi, nakwenda kuzikwa Bukoba." Mimi niliyefunzwa maadili katika bweni la seminari nikaona ni wajibu wangu kutoa kidole. Damu ni ya ukoo mmoja, nani atajua?

Bahati mbaya, kliniki yetu ya Don Mills haikuwa na daktari mmoja wa kudanganya. Ilikuwa na timu nzima: daktari, nesi, mfamasia, na Hazel wa lishe, Mgoa wa Nairobi aliyejua Kiswahili kuliko tulivyopenda.

"Hongera, mzee!" Hazel alisema. "Mfamasia anataka kukupunguzia dawa."

Babu akatabasamu kishujaa, kisha akaomba maji tena. Siku hizo kiu ilikuwa haimwishi. Mimi nikaanza kutokwa jasho.

Nesi Parveen akaingia na majibu ya damu iliyotolewa mkononi, ile inayosimulia sukari ya miezi mitatu. Hazel akasoma, tabasamu lake likatoweka.

"Mzee, damu ya mkono inasema sukari iko juu mno. Mashine inasema iko sawa. Imekuwaje?"

Babu, aliyefundisha michezo maisha yake yote, akafoka: "Unataka kusema nimechezesha mamluki?"

Kwa asiyejua, mamluki ni mchezaji wa shule nyingine mnayemvisha jezi yenu kwa siri.

"Sijataja mamluki, mzee." Hazel akanigeukia. "Kijana, hebu vidole."

Nikavificha mifukoni. "Baridi, anti."

"Julai hii, katikati ya joto la Toronto?"

Nikavitoa. Vilikuwa vimetobolewa kama chujio.

"Toba! Mtoto wa binti yangu Adelina!" Babu alishangaa kwa ustadi mkubwa. "Kumbe!"

"Tungempunguzia dawa, angeweza kupofuka," Hazel alisema taratibu. "Ulitaka nini?"

Nikaiacha hotuba niliyoiandaa, nikasema kweli.

"Ni mimi, anti. Kila asubuhi. Niliogopa mkimdunga ataondoka, na nyumba nzima ni yeye tu anayecheka utani wangu."

Safari hii Babu hakucheka.