Sahani ya Othmar

"Giza linaanza leo, Dada Tadea," Aidan alisema, amesimama mlangoni na kasia begani. "Jua likizama hakuna taa, sisi tunapanda mtumbwi wa Ignatio. Usipa hawajui matanga."

Nilimjibu nimesikia. Aliondoka, akarudi, akaondoka tena.

Hapa Lituhi mwezi ukiwa mkubwa usipa, dagaa wetu wa ziwani, hawaifuati taa, wavuvi wanapumzika. Kaka yangu Othmar alifariki katika mapumziko hayo. Mtumbwi ulibaki kwangu na kwa Mama, lakini mtumbwi usio na vijana wa kuvua kama Aidan na wenzake ni kuni.

Taa ya kuvulia Othmar aliiacha nusu. Wengine hufunga LED moja kwa moja kwenye betri ya pikipiki. Mwanzoni zinawaka kwa hasira, nyingine zinaungua. Betri ikichoka mwanga unafifia, na usipa wanatawanyika kabla wavu haujainuliwa. Othmar alitaka mwanga usiobadilika. Alinionyesha: transista mbili kutoka redio mbovu, na rizista moja ndogo. Transista ya kwanza inapitisha umeme kwenda kwenye taa. Ya pili inauchungulia ukipita kwenye rizista. Ukizidi tu, inaibana ya kwanza.

"Kama wewe na mimi mbele ya nyama ya Mama," alisema.

Niliunganisha kwa risasi ya kulehemu na msumari uliopashwa kwenye mkaa. Kisha nikajaza nta ya mshumaa kwenye kopo la taa kuzuia maji, kama kila mtu wa ufukweni afanyavyo. Taa ikawaka. Kabla sijafuta meza, mwanga ukaanza kurukaruka, ukazimika. Nta ilikuwa imeyeyuka. Transista ya kwanza, iliyobeba umeme wote, ilikuwa imeungua kwa kukosa pa kutolea joto.

Redio ilikuwa na nyingine moja tu. Nilihitaji bati pana la kuifungia. Nilizunguka nyumba mara kadhaa, macho yakirudi kwenye rafu, kwenye sahani ya alumini ya Othmar. Mama alikuwa ameifunika kitambaa tangu tulipomzika.

"Hiyo hapana," Mama alisema.

"Mama, hii ndiyo transista ya mwisho."

Nje Aidan alipiga mluzi. "Dada! Ignatio keshaanza kuniita mkwe!"

Mama alikwenda kwenye rafu. Kisha akaishusha sahani mwenyewe, akaipakata.

"Toboa pembeni. Katikati alikuwa anaweka ugali."

Nilitoboa pembeni, nikaikaza transista kwa skrubu, nikaunganisha. Taa ikawaka. Sikuweza kukaa. Nilizunguka meza, nikachungulia dirishani, jua lilikuwa limeshagusa maji. Aidan aliingia, akaegemeza kasia ukutani, akaitazama taa. Mwanga haukutikisika.

Mama aliweka kiganja kwenye sahani, akakiacha hapo.

"Ina moto," alisema. "Kama amepakuliwa ugali sasa hivi."

Aidan alivua kofia, akainua betri.

"Mama, tunaomba sahani ya kaka."

Mama alichelewa kidogo kuondoa mkono.