Kamba ya Hatua za Komora

Mwaka wa hamsini na sita, homa ya papasi, wale kupe wa sakafuni, ilipozidi hapa Garsen, bwana afya alipita na ndoo ya chokaa. Nyumba aliyoiona na papasi aliipiga alama mlangoni, na yenye alama ilikuwa ya kuchomwa. Jina lake Kahindi, kijana wa adabu, kaptula yake imenyooka. Aliichokora sakafu yetu ya udongo kwa kisu, akatoa papasi wawili, akaniwekea kiganjani niwaone.

"Siku saba, mama. Mtapewa kiwanja kwenye mstari mpya wa nyumba."

"Mwanangu, mzee wangu haoni."

"Papasi naye hachagui mwenye macho."

Kweli hiyo.

Lakini mume wangu Komora, mwaka wake wa tisa bila macho, ndani ya nyumba ile hakuwa kipofu. Kitandani hadi mtungini hatua nne. Mtungini hadi mlangoni tatu, hapo mkono wa kulia unakuta nguzo, kisha kumi na moja mpaka chooni. Ukimshika mkono anakukemea, "Mimi si mtumbwi wa kuvutwa!" Nami nilimwona jirani yetu Dhadho alivyohamishiwa kwa mwanawe. Choo hakukijua, akaona haya kuuliza, akabaki kitandani. Masika hayakuisha tukamzika. Nikahofia Komora naye ataishia hivyo.

Darmi, Muorma aliyeniletea maziwa, alinikuta nimekaa, moto umezimika. Nilipomweleza akacheka.

"Nyinyi Wapokomo mmeota mizizi kama migomba! Sisi nyumba twapakia juu ya ng'ombe, jioni imesimama. Mama yangu alikuwa kipofu na hakupotea hata siku moja. Kitanda pale pale, kibuyu pale pale."

"Mnafanyaje?"

"Vipimo vile vile. Na mlango haugeuzwi."

Nikashika la vipimo. La mlango lilinipita.

Nikachukua kamba tunayopimia mashamba kando ya mto. Wengine wakihamisha vyungu, mimi nikamtembeza Komora, kila hatua yake nikafunga fundo.

"Mama Enos, wanipima sanda?"

"Nakupimia nyumba, mzee."

"Haya. Usipunje."

Siku ya nane wakaiwasha moto ile nyumba. Komora alisimama kando akisikiliza. Kitu kilipoanguka ndani alisema, "Hiyo nguzo ya mlangoni."

Mwanetu Enos na watu wa kanisani wakajenga kwa kamba yangu, fundo kwa fundo. Hata choo niliwachimbisha kwa hatua kumi na moja. Siku ya kutoboa mlango Kahindi akafika. Milango yote ya mstari mpya itazame barabara, akasema. Mlango wetu wa zamani ulitazama mto.

"Ni amri, mama."

Nikaona mlango ni mlango tu. Nikakubali, wakautoboa upande wa pili.

Asubuhi ya kwanza nikajifanya nimelala. Komora akainuka. Hatua nne, mtungi upo. Akanywa, akajifuta ndevu, nikamwona anatabasamu. Moja, mbili, tatu. Akanyoosha mkono wa kulia kutafuta nguzo.

Akakuta ukuta.

Akapapasa juu, akapapasa chini. Udongo ulikuwa bado mbichi, ukamshika vidoleni.

"Mama Enos," akasema polepole, "mmenifungia."

Hapo ndipo neno la Darmi liliponirudia. Nilitaka kumkimbilia nimshike, nikajizuia. Nikaenda nikasimama mlangoni, nikamwita kutoka pale.

"Mlango wameugeuza. Kosa langu. Rudi kitandani, tuanze upya. Sasa ni mkono wa kushoto."

Akarudi, akaketi. Akakaa kama alivyokaa Dhadho, mikono magotini. Nikangoja. Jua likaingia kwa mlango ule wa barabarani, likatambaa sakafuni mpaka likamfikia miguuni, na bado nikangoja.

"Ngapi?" akauliza.

"Sita, mpaka hapa mlangoni."

Akasimama, akainua mguu mmoja.