Ruhusa ya Mwalimu Fanueli

Barua ya mume wangu ilikuwa na kurasa nane, na saba kati ya hizo zilimhusu yeye. Wa nane ulinihusu mimi, nao ni nusu tu, maana nusu iliyobaki ilijaa saini yake.

Ilifika Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja, mwaka 1956, mkononi mwa Anania, mwinjilisti wetu, ambaye kila juma hushuka Tukuyu kuchukua barua za misheni. Fanueli alikuwa ametimiza miezi tisa Uingereza, akisomea ualimu wa juu. Alikuwa mtu wa kwanza wa upande wetu wa Rungwe kupanda ndege, na hakuna aliyeruhusiwa kulisahau jambo hilo, hasa mimi mkewe, niliyeachwa kwa wazazi wake kuchuma kahawa na kusubiri. Subira huvuta heri, wanasema. Yangu ilivuta barua.

Safari hii, lakini, niliisubiri barua kwa moyo wangu wote. Huko Iringa misheni ilikuwa imefungua chuo cha walimu wanawake. Mwalimu Lea, aliyenifundisha darasa la sita, alikuwa anafundisha huko, naye aliniandikia kwamba nafasi yangu ipo na ataishikilia mpaka mwisho wa mwezi. Miaka miwili, halafu ningesimama mbele ya ubao nami nikiitwa mwalimu. Baba mkwe alikuwa ametoa neno lake: mke ni wa mumewe, Fanueli akiandika aende, atakwenda, akiandika akae, atakaa. Nilimwandikia Fanueli mara tatu. Jibu ndilo hilo sasa lililokuwa magotini pangu.

Msomaji wa barua pale nyumbani nilikuwa mimi, na kusoma kwenyewe kulikuwa kazi. Kwetu Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe, haongei naye, na jina lake halitaji. Mimi silitaji hata hapa. Wachungaji wamelihubiri jambo hilo mpaka wamechoka. Mzee alikuwa mzee wa kanisa, lakini alisema Ukristo ni kati yake na Mungu, na ukwe ni kati yake na baba zake. Anania angeweza kumsomea, ila mzee hakutaka mambo ya nyumba yake yasomwe na mtu anayezunguka nyumba hadi nyumba. Basi yeye alikaa upande wa pili wa ua, chini ya migomba, mgongo ukielekea jikoni. Mimi nilikaa jikoni, nikasoma Kiswahili cha Fanueli, nikakigeuza Kinyakyusa, na mama mkwe akavuka ua kwenda kumwambia mumewe. Kisha akarudi kuchukua mengine.

Na niseme ukweli. Kwa miezi tisa nilikuwa natia chumvi. Fanueli hakuwahi kuuliza mgongo wa mama yake unaendeleaje. Mimi ndiye niliyemuulizisha. Hakuwahi kumwombea baba yake. Niliomba kwa niaba yake. Walipomsifu mtoto wao kwa moyo mwema, walikuwa wanasifu kazi yangu, na mimi niliendelea kumenya ndizi.

"Baba mpenzi," alianza, "naona nikueleze juma langu moja, ili mjue mwanafunzi wa Ulaya anavyoishi."

Jumatatu aliamka akapikiwa yai na mama mwenye nyumba, Mzungu. "Ninahudumiwa na Mzungu," aliandika, akapiga mstari chini yake mara mbili. Mama mkwe alivuka ua na habari hiyo, akarudi na swali la mzee: "Anauliza, yai moja tu? Kwani mwanangu anaumwa?"

Jumanne alinunua kofia. Kofia ilichukua ukurasa mzima. Jumatano profesa alikisifu Kiingereza chake. Alhamisi alialikwa na akina mama wa kanisa moja, akawahutubia juu ya mwanamke wa Afrika. Aliwaambia kwamba Afrika haitainuka mpaka mwanamke wake apewe elimu. Walimpigia makofi, wakampa keki. Aliwaambia pia kwamba baba yake ni chifu mwenye ng'ombe mia tatu. Nilichungulia mlangoni nikawaona ng'ombe wetu, saba, na mmoja kati yao kilema. Ya mia tatu sikuyageuza. Mzee angedhani mwanawe amepata homa.

Ijumaa kulikuwa na baridi, kwa hiyo hakwenda darasani. Huyu ni mtu aliyekulia Rungwe, ambako mwezi wa saba mtu huota moto mpaka goti linanuka moshi! Jumamosi alikwenda kutazama mpira, na kwa maelezo yake watu waliacha mpira wakamtazama yeye. Jumapili alikwenda kanisani, akala, akalala, akaamka akaandika. Siku saba nzima, na sikuona hata mahali pamoja alipofungua kitabu.

Kisha ukurasa wa nane.

"Ama kuhusu Tusekile, Baba, ameniandikia habari za Iringa. Jambo hilo halifai. Mwanamke akisoma sana hupata kiburi, na mimi nikirudi nitataka mtu wa kutunza nyumba ya hadhi yangu. Elimu aliyonayo inamtosha kusoma barua zangu. Mwambie achume kahawa."

Sikulia. Nilimdharau. Nilimdharau kuanzia ile kofia mpaka soli ya viatu, na dharau hiyo ilinituliza kabisa, kama mtu aliyetua debe la maji kichwani. Mtu aliyekula keki ya Alhamisi kwa ajili yangu, Jumapili ananinyima hata makombo!

"Anasemaje juu ya Iringa?" Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni.

"Anasema niende."

"Fanueli?"

"Fanueli, mama. Anasema Afrika haitainuka mpaka mwanamke apewe elimu. Anamwomba baba anitoe kwa amani."

Hilo la Afrika alilisema kweli, tena kwa kalamu yake. Mama mkwe alinitazama usoni muda mrefu kuliko ilivyopasa. Kusoma alikuwa hajui, lakini mwanawe alimzaa yeye.

"Basi ngoja nikamwambie mzee," akasema, "kabla hujaisoma mara ya pili ikabadilika."

Akavuka ua. Nikasikia sauti ya mzee, nzito, "Ndaga, mwanangu, ndaga fijo," anamshukuru aliye ng'ambo ya bahari. Jioni alichinja beberu. Nilipewa maini, kwa sababu nimeolewa na mtu mwenye busara.

Nilijua uongo huo una miguu mifupi. Nikishaondoka, barua zitakazofuata atazisoma Anania, apende mzee asipende. Kwa hiyo kesho yake, kabla ya ibada, nilimwendea Anania mwenyewe nikampa habari. Anania anapenda habari njema hata zisizokuwa za Injili. Akasema lazima aitangaze, akanyoosha mkono: "Nipe hiyo barua, niwasomee maneno yake hasa."

Nikampa kurasa saba.

"Na wa nane?"

"Wa nane ni maneno ya mume na mke, Mwinjilisti."

Akaurudisha mkono haraka, akatazama dari ya kanisa. Siku ile aliwasomea watu yale ya Alhamisi mara mbili, ng'ombe mia tatu akiwaruka kwa adabu, kisha akatangaza kwamba kijana huyu hakusema tu, ametenda: amemtoa mke wake mwenyewe. Wanawake walipiga vigelegele. Baba mkwe, kwenye benchi la wazee, alikaa wima kama mtu anayepigwa picha. Baada ya hapo hata Fanueli angekuja na ndege yake kukana, mzee asingeweza kunirudisha bila kujiaibisha mbele ya usharika wote.

Mzee alitaka jibu liandikwe. Mama mkwe alileta maneno kutoka ng'ambo ya ua: "Mwanangu, nimeipokea ruhusa yako. Kanisa zima limesikia. Sasa umekuwa mtu." Niliandika neno kwa neno. Safari hii sikuongeza kitu.

Mwezi wa kwanza nilipanda basi. Lilikwama kwenye tope la Usangu karibu na Rujewa, abiria tukashuka tukasukuma. Nyololo tulipita kwenye ukungu, na Iringa nikapokewa na upepo na Mwalimu Lea. Nilisoma kama mtu anayefukuzwa. Kila gari la barua lilipofika nilikuwa wa kwanza kulisogelea. Nilikuwa namngojea Fanueli: mwongo we, umemdanganya baba yangu, rudi nyumbani, nitakuacha. Nilikwisha kutunga majibu yangu, makali, nikiyarudia wakati wa kufua. Kwa ugomvi huo nilikuwa tayari. Nadhani nilikuwa nautamani.

Barua ilikuja mwezi wa tatu. Niliifungulia bwenini, nimesimama.

"Mke wangu mpenzi, Baba ameniandikia. Anania pia. Nimefurahi kusikia jinsi uamuzi wangu ulivyopokelewa nyumbani. Kama unavyojua, siku zote nimekuwa nikisema kwamba mwanamke apewe elimu, na wengine wanaishia kusema. Nimewaeleza wenzangu hapa jinsi nilivyokupeleka, na profesa ameniomba niandike makala. Soma kwa bidii, usiniaibishe. Usisahau kwamba wanaume wengi wasingekuruhusu."

Nikaigeuza nyuma kutafuta hasira, hata kidogo, hata neno moja lililofutwa. Hapakuwa na kitu. Hakuwa anaigiza. Aliamini. Angenitukana ningemwogopa, na nikimwogopa pengine ningebaki na heshima kidogo ya kuolewa nayo miaka iliyobaki. Sasa nilijua atarudi, atashuka kwenye basi na kofia yake, na maisha yangu yote kila nitakachojifanyia kitakuwa yeye ndiye amenifanyia.

Verediana, Mhehe wa Igowole tuliyelala naye vitanda vya jirani, alikuwa anasuka nywele zake mbele ya kioo kidogo. Yeye alitoroka kwao kuja chuoni, na mumewe alikwisha kudai ng'ombe zake arudishiwe.

"Bwana anasemaje?" akauliza.

"Anasema ameniruhusu."

Akaacha kusuka, akanitazama kwa wivu wa kweli kabisa.

"Wewe una bahati, Tusekile," akasema. "Mshukuru Mungu kwa mume kama huyo."

Nikachukua kalamu nikaanza kumwandikia asante.