Mtaa Aliouchagua Kassiani

Mume wangu Kassiani ni mwalimu wa kwaya, na haoni tangu utotoni. Tulipotafuta nyumba yetu ya kwanza Mpanda mjini, mimi nilikagua vigae na madirisha. Yeye kila mahali aliniambia, "Dorice, niache nitembee mwenyewe mpaka barabarani."

Mtaa wa kwanza ulikuwa na nyumba nzuri kweli. Alipopita na fimbo yake, watu walinyamaza. Mmoja akanigeukia mimi, "Huyu anaitwa nani?" Na Kassiani amesimama palepale.

Kesho yake tukaenda mtaa mwingine, Kawajense. Nyumba ilikuwa ndogo, bati limeshika kutu. Nikiwa mlangoni nilimwona anaukaribia mtaro ulio wazi. Kabla sijapiga kelele, mama mmoja aliyekuwa anaanika mpunga akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Kaka, mbele yako kuna mtaro. Kidaraja kiko kushoto."

"Asante, dada. Huo mpunga unaonukia ni wa kule Usevya?"

"Eh! Umejuaje?"

"Nimebahatisha."

Wakacheka wote wawili. Aliporudi akasema, "Tununue hapa."

"Na hilo bati?"

"Tutabadilisha."

Tukanunua. Siku hizi anakwenda kanisani peke yake, na majirani wakimsalimia hutaja kwanza majina yao ili ajue ni nani. Mimi husimama nje nikimtazama anavyotembea kwa kujiamini, mpaka anapokata kona. Nashukuru nilimsikiliza.