Bastola Iliyoombewa Kanisani

Amri ya mahakama ya kumzuia Hénock asimpige mkewe Emérite ilikuwepo. Emérite aliiomba mwenyewe, mkono ukiwa bado na nyuzi alizoshonwa hospitalini baada ya kipigo. Sasa Hénock, mlinzi wa duka la jumla mjini, alikuwa ameomba leseni ya bastola. Je, polisi wangeiona amri ile kabla ya kumpa?

Emérite alikwenda kituo cha polisi kuuliza. Karani akamwonyesha kompyuta mpya, bado ziko kwenye maboksi. Serikali ilitoa fedha ili rekodi za mahakama ziunganishwe na za silaha. Wakubwa wakanunua mashine, wakapiga hema la uzinduzi, wakala nyama, wakapigwa picha. Wa kuziingiza rekodi hakuajiriwa.

"Eish, mama, amri isiyomo humu hatuihesabu, tunawapigia simu tu wanaomfahamu mwombaji," karani alisema.

Ptuu! Nyama imeliwa, roho ya mtu imebaki kwenye boksi.

Aliyepigiwa simu ni Mchungaji Alexis, wa kanisa la Warundi wa ughaibuni kwenye jengo kuukuu katikati ya jiji. Huyo alijua yote. Ndiye aliyewapatanisha Emérite na Hénock mbele ya wazee, wakanywa Fanta kwa mirija miwili kwenye chupa moja, maana pombe ya kienyeji, ambayo kwao hunywewa pamoja kumaliza ugomvi, kanisani hairuhusiwi. Na desturi ni desturi: jambo likishanywewa halitajwi tena. Basi polisi walipouliza kama nyumba ile ina ugomvi, mtu wa Mungu akajibu hakuna, tena kwa moyo mweupe.

Leseni ikatoka. Jumapili Hénock akaileta bastola iombewe, kama wenzake wanavyoleta funguo za gari na pasipoti. Alexis akaipaka mafuta, akamwita Emérite aje kuiwekea mkono pamoja na mumewe.

Emérite alikwenda. Akapandisha mkono wa gauni, kovu likaonekana hadi viti vya nyuma.

"Mchungaji, hili hukulitaja kwenye simu."

"Mama Annick, lile tulishalinywa," Alexis alisema kwa upole. "Kwa nini unafukua kaburi?"

Wazee wakatazama viatu vyao. Wanawake anaosuka nao nywele saluni wakajifanya wanatafuta zaburi. Mchungaji akampa ishara mpiga kinanda, akamkabidhi Hénock bastola yake.

Emérite akamshika binti yake Annick mkono, wakatoka. Wakashuka ngazi. Nyumbani kwao, mtaa wa Turffontein, hawangerudi hata kuchukua nguo. Huko juu kwaya ilikuwa imeshaanza, na kila sauti aliifahamu: ndizo hizo hizo ambazo zingeimba kwenye matanga yake.