Kisigino cha Leonsia

Mwaka wa sabini na nne walitupakia kwenye lori kutoka kwetu, karibu na Usagara, watu na kuku na mawe ya kusagia pamoja. Kufika kijiji kipya, mgambo akapiga kelele tushuke upesi. Mke wangu Leonsia akaruka, akatua kwa kisigino cha kulia juu ya jiwe. Nilisikia mlio. Mgambo akasema nimesikia kuni zikivunjika.

Hospitalini Mwanza, mganga mmoja, Rugemalira, aliinua picha ya eksirei dirishani.

"Huu ndio mfupa wa kisigino, mzee. Ndio mkubwa kuliko yote ya wayo. Juu yake umekaa huu wa kifundo, ambao haushikwi na msuli hata mmoja, umeegemea tu. Wa chini ukibonyea, wa juu unazama."

Wa Leonsia ulikuwa umepasuka na kubonyea kama mkate uliokaliwa. Tangu hapo mguu wa kulia alikanyagia vidole tu. Nyayo zake vumbini: moja nzima, moja nusu.

Alikufa kwa homa miaka miwili baadaye, gari la zahanati limempeleka mkubwa mmoja mkutanoni. Nikamzika nyuma ya nyumba yetu, namba tisa.

Miaka kadhaa ikapita, halafu wakasema nyumba zimekaa upande. Barabara inyooshwe, namba zipangwe upya, makaburi yahamishwe. Mimi nilikuwa Igoma namwuguza dada yangu. Kurudi, nyumba yangu imebomolewa, nimepewa nyingine, na mwenyekiti wetu Masalu ananikabidhi gunia.

"Mkeo huyo, ndugu. Kijiji hakimsahau mtu."

Nilimpanga juu ya mkeka mchana ule ule. Visigino vilikuwa viwili, vizima kabisa.

Nikarudi kwa Masalu. "Mwenyekiti, huyu si Leonsia."

Waliokuwa wanacheza bao wakacheka. "Kashindye, wenzako wanawajua wake zao kwa sura, wewe kwa kisigino?"

"Mmechimba wapi?" nikamwuliza Masalu.

"Namba tisa."

"Tisa ya zamani au ya sasa?"

Akafungua daftari, akalifunga. Tisa ya sasa ilikuwa kumi na saba ya zamani, alipozikwa mgeni mmoja wa ng'ambo ya ziwa, hana ndugu.

"Mifupa ni mifupa, mzee. Zika. Keshokutwa trekta linamwaga kokoto."

Tisa yangu ya zamani sasa ilikuwa barabara. Udongo umeshindiliwa, huwezi kujua jiko lilikuwa wapi na kaburi wapi. Nilichimba huku na huku mpaka jua likazama, nisipate kitu. Kokoto zikimwagwa, mke wangu atakanyagwa na magari yao milele.

Alfajiri mvua ikanyesha. Kulipokucha nikafungua mlango.

Moja nzima, moja nusu. Zilitoka barabarani hadi kizingitini kwangu. Pale zilisimama zikielekea mlango, vidole vya kulia vimezama sana, kama mtu aliyesubiri muda mrefu. Halafu zikarudi.

Jirani yangu Teodora alikuwa ametoka kufagia. Akabaki na ufagio mkononi.

"Shemeji, nani amekuja kwako na mguu wa Leonsia?"

Nilichukua jembe nikazifuata, nikitembea pembeni nisizikanyage. Katikati ya barabara zikaisha. Nikachimba hapo. Kina cha kiuno, mkeka wake. Kilichotangulia ni mguu wa kulia, na mfupa wa kisigino ulikuwa ule ule wa picha, umebonyea, umeungana vibaya. Udongo wote wa pembeni ulikuwa mkavu. Kwenye mifupa ya vidole kulikuwa na tope bichi.

Nilimfunga kwenye kanga, nikampeleka kwa baiskeli kwetu kwa zamani, kwenye mahame yaliyoota magugu. Huko hakuna mwenye kumpa namba.

Gunia nililirudisha mlangoni kwa Masalu. Mpaka leo hajalizika, anasubiri barua ya wilaya. Teodora ananiambia kila mvua ikinyesha mwenyekiti huamka kabla ya watu wote, anafagia mlangoni kwake mwenyewe. Afagie tu. Yule mgeni ana visigino vizima vyote viwili.